Noti Kumi na Moja za Salha

Juzi mlikuja kwangu watatu, na vyombo vyenu mgongoni, mkakaa barazani, mkaumaliza mkate wa kumimina wote nliokuwekeeni, halafu ndiyo mkasema mlichokijia: "Bi Raya, nyumba hii umeijengaje kwa kupiga dumbaki?" Mkanambia mna mkataba na hoteli moja ya Nungwi, mnapiga mara nne kwa wiki, lakini masika yakiingia na wageni wakaondoka, hamna hata nauli ya kurudi mjini. Mie nikacheka. Mmoja wenu akanuna, nlimwona. Sikukuchekeni nyie, wanangu. Nlijicheka mwenyewe, maana swali kama hilo nami nliwahi kumuuliza mtu, na jibu lake lilinitoa jasho. Siku ile nlikujibuni juu juu kwa kuwa maghrib ilikuwa ishaadhiniwa. Leo nina nafasi, kaeni kitako.

Nimepiga dumbaki, hii ngoma ndogo ya kupakata, miaka zaidi ya thelathini katika kikundi cha taarab cha wanawake, tukifanya mazoezi ghorofani Mkunazini. Tulikuwa tisa. Sitajifanya mnyonge: nlikuwa hodari. Watu wa mji huu wanamkumbuka mwimbaji, na mpiga fidla wanamkumbuka akiwa mzuri wa sura, lakini mpiga dumbaki hawamjui mpaka siku aumwe. Siku moja nliumwa mie, wakampa chombo mtu mwengine. Waliokuwepo wanasema harusi ile ilikuwa kama watu wanatwanga kisamvu.

Kilichonifundisha pesa ni chombo chenyewe. Nyie mmezaliwa mkakuta dumbaki za madini na ngozi ya plastiki, unakaza skurubu, basi. La kwangu la mwanzo lilikuwa la udongo, limewambwa ngozi ya mbuzi, na ngozi ya mbuzi na hewa ya Unguja hazipatani. Ikivuta unyevu inalegea, ukipiga inasema "bufu". Kwa hivyo kabla ya kuanza unawasha makaa kidogo, unaigeuza geuza juu ya jiko kwa masafa, unaigonga kwa kidole, unasikiliza. Ikishalia "ta" kavu, unaiondoa. Kazi ya dakika kumi, lakini dakika kumi za kukaa hapo hapo.

Harusi ya tatu nliyopiga, nliliacha dumbaki juu ya jiko nikaenda kumchungulia bibi harusi. Wallahi nliusikia mlio nikiwa mlangoni: pa! Ngozi imepasuka katikati. Bi Kazija, mpiga fidla wetu, ambaye ndiye mkubwa wa kikundi, alinitazama kutoka unyayo mpaka utosi.

"Raya," akasema, "bibi harusi angeolewa hata usingemtazama. Hilo lako je?"

Siku ile nlipiga ndoo. Msicheke, nlipiga ndoo ya plastiki mbele ya watu, na ngozi mpya ilikatwa katika ujira wangu, harusi tatu nzima sikutia kitu mkononi. Nlikwenda kwa Bi Kazija kulia shida. Nikamuuliza swali lenu lile lile: yeye anakaaje nyumba yake mwenyewe, na fidla ni nyuzi nne tu?

Hakunipa pesa. Alinipa mikebe mitatu ya maziwa ya unga, mitupu.

"Mpigaji halipwi mshahara," alisema. "Mpigaji analipwa msimu. Shaaban harusi kila siku, mpaka unakataa. Ramadhani ikiandama, kimya, mwezi mzima hakuna anayekwita. Mfungo mosi unarudi, Idi na harusi, unajiona tajiri. Kisha masika, kimya tena. Sasa wewe unakula kama kwamba mwaka mzima ni Shaaban."

Mkebe wa kwanza ukawa wa nyumbani: chakula, kodi, sabuni. Wa pili ukawa wa chombo: ngozi, makaa, nauli, nguo ya sare. Wa tatu aliuita mkebe wa kimya, na huo haufunguliwi mpaka miezi ile ambayo hakuna anayekwita. Kila ukilipwa unagawa kabla hujavua viatu. Nlimuuliza kwa nini kabla ya viatu. Akanambia ukishavua unakaa, ukishakaa anakuja mtu na shida yake, na mtu akija na shida yake akakukuta na fungu moja, lote ni lake.

Hapo mtasema, "Bi Raya, zama za mikebe zimepita, sie tunalipwa kwa simu." Naam, najua. Pesa inaingia simuni, inatokea simuni, mkono haukuiona. Basi gaweni humo humo simuni, mna akili kuliko mie. Mie nnachosema ni viatu.

Tunzo nazo zilikuwa na sheria yake. Mtu akikufurahia akakupachika noti kwenye leso, hiyo si pesa ya kula. Hukuitarajia, kwa hivyo hukuihitaji. Bi Kazija alinambia: "Kila tunzo ni tofali." Mpiga dumbaki hatunzwi sana, wanaotunzwa ni waimbaji, lakini miaka thelathini ni mingi. Ule ukuta wa upande wa kibla mlioegemea juzi mkila mkate wangu, wote ni tunzo.

Mngeniona siku zile mngedhani nshafuzu. Nlidhani hivyo hivyo. Nlikuwa nimeishika mikebe yangu miaka, sikopi, siombi, na wenzangu waliponiona hivyo wakanifanya kijumbe wa upatu wetu. Kijumbe ndiye anayekusanya pesa na kuzipeleka kwa mwenye zamu. Tulikuwa tisa, kila mmoja elfu ishirini, na kila mzunguko anapokea mtu mmoja. Pesa zilikuwa zikifungwa katika leso ya manjano ya mkononi, ya Bi Kazija, na kila mmoja wetu akiijua. Nlivimba kichwa, nakwambieni ukweli. Kijumbe mie!

Basi mwaka huo, wiki ya mwisho ya Shaaban, zamu ilikuwa ya Salha. Salha ndiye aliyekuwa mpiga kanuni wetu, kile chombo cha nyuzi nyingi, mdogo kuliko sote, ameachika, ana watoto wawili, amepanga chumba Kwahani. Mwenye nyumba alishamwambia: Ijumaa baada ya sala nakuja, ama nikukute na kodi ya miezi sita, laki na nusu, ama nikukute umeshafunga vyombo, maana mpangaji mwengine yupo tayari. Na mtu anayeipiga kanuni, Ramadhani inaingia, hana pa kuitoa laki na nusu ila upatu. Sote tulijua. Alhamisi ile Salha hakuja mazoezini, alituma mchango wake na salamu kuwa ana shughuli. Nikakusanya, nikafunga noti kumi na nane za elfu kumi kumi katika leso ya manjano, nikaitia kifuani, nikashika njia ya Kwahani. Ilikuwa baada ya alasiri, jua zuri.

Njiani, karibu na Michenzani, kulikuwa na harusi.

Nlikuwa nimealikwa, sikudandia. Nikasema nipite nionekane, nile sambusa moja, niondoke. Kikundi kilichokuwa kikipiga kilikuwa cha wapinzani wetu, mwimbaji wao Mwatima, sauti yake hata adui angeisifu. Na mstari wa mbele, na dhahabu zake zote, alikaa Nuru.

Nuru alikuwa mke mwenzangu. Baba watoto alikuwa amemwoa mwaka ule ule, na mie nlikuwa nimemeza kimya kimya, nnakwenda kazini, nnapiga, nnarudi. Nlijiambia sina neno. Khe! Sina neno! Kifua kizima kilikuwa neno.

Mwatima akaanza wimbo unaomsema mwanamke aliyekaa kwenye jiko lililozimwa zamani, anapuliza majivu, ati anangoja litawaka. Sijui kama uliimbwa kwa ajili yangu. Pengine aliutunga yeye kwa mambo yake. Lakini mnaijua desturi yetu: wimbo ni wa yule anayenyanyuka kuutunza. Nuru akanyanyuka. Akaenda polepole, kiuno kikitangulia, noti ya mia tano ameishika juu, akampa Mwatima, na shingo ameigeuza ananitazama mie. Vigelegele!

Hapo una njia mbili. Ukae umeze, ama unyanyuke uudai wimbo uwe wako, yeye ndiye awe mwanamke wa majivu.

Nlinyanyuka. Nlikuwa na elfu mbili za kwangu, nikazitoa mia tano mia tano, nlitaka zidumu. Kila nikitoa, na yeye anatoa. Zangu zikaisha, na yeye akawa anakuja tena na noti yake, anatabasamu. Watu wananitazama. Mkono wangu ukaingia kifuani, wallahi sikuutuma, ukaenda wenyewe. Nikatoa elfu kumi moja.

Ukumbi ukapasuka. Elfu kumi, wakati ule, watu wanatunza mia tano! Mwatima mwenyewe alikosa ubeti. Nuru alisimama na kijinoti chake kama aliyeshika kijiti cha kuchokolea meno. Mie kichwa kilishaondoka. Nikatoa ya pili, ya tatu, nikacheza, nikatoa, leso ya manjano naipepea juu. Nuru akarudi kukaa, akajifunika uso kwa mtandio. Nlishinda. Nakwambieni bila haya, sijawahi katika maisha yangu kujisikia mzuri kama nlivyojisikia pale.

Nikatoka nje kuvuta pumzi, nikaifungua leso. Zimebaki saba.

Toba yarabi. Nlikaa kwenye ngazi ya duka la watu, mwenye duka akadhani nimepandwa na presha, akaniletea maji. Noti kumi na moja za Salha. Kumi na moja! Mkebe wa kimya ningeuvunja, lakini ulikuwa na elfu nane, kwa kuwa mwaka ule nlikuwa nimeezeka. Kumwomba Mwatima anirejeshee? Tunzo hairudishwi. Ukiirudia tunzo, afadhali uhame Unguja.

Nikarudi Mkunazini kwa Bi Kazija, na njia nzima nnautengeneza uongo. Nikaupata mzuri: nimechomolewa Darajani, kwenye msongamano wa watu wanaonunua vya Ramadhani. Nani angenikatalia?

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Kaa. Nasikia leo umetunza."

Hata dakika arubaini hazijapita toka harusini. Mji wetu huu, ukipiga chafya Malindi, Shangani wanakwambia yarhamukallah.

"Nimetunza kidogo," nikasema.

"Nasikia si kidogo. Nikafurahi, nikasema Raya kumbe anazo. Pesa za Salha umeshampelekea?"

Uongo wangu ulikuwa mdomoni, umeiva. Nikamtazama yule mama, na mikebe mitatu niliikumbuka, nikaangua kilio kama mtoto. Nikamwambia yote. Nlidhani atanipiga, ama atanikopesha. Hakufanya hata moja.

"Una nini ambacho ni chako?" akauliza. "Si cha mumeo, si cha mkebe. Chako."

Sote wawili tulikijua. Mjomba wangu, baharia, alikuwa ameniletea dumbaki kutoka Misri, la madini, limenakshiwa ubavu mzima, sauti yake ikikata hadi mtaa wa pili. Hapakuwa na jingine kama lile mjini.

"Na nani atalinunua mara moja, kwa pesa taslimu, kabla ya sala ya Ijumaa?" nikauliza.

Bi Kazija akaendelea kuchambua mchele wake. "Mwenye pesa taslimu leo mjini humu unamjua," akasema. "Umempa mwenyewe."

Ijumaa saa mbili asubuhi nlibisha hodi kwa Mwatima, Malindi, dumbaki nimelifunga kwenye khanga. Alifungua akiwa na mswaki mdomoni. Nikamwambia nauza, nataka laki na kumi, sasa hivi. Alilichukua, akalipiga mara mbili, akanitazama, akalipiga tena. Lilikuwa na thamani mara mbili ya hizo, na alijua, na alijua kuwa nami najua.

"Raya," akasema, "jana ulikuja kunitunza, ama ulikuja kunikopesha?"

Aliingia ndani akarudi na noti kumi na moja. Zilikuwa zile zile, nlizijua kwa mikunjo yake, zimekunjwa mara nne nne kama nnavyozikunja mie. Alinihesabia mkononi moja moja, na mie nikazihesabu tena mbele yake. Haya ilikuwa ishakwisha tangu jana, kuhesabu kungenitia haya gani?

Dumbaki langu sikuligeukia.

Kabla sijakupelekeni Kwahani, nataka jambo moja mlijue. Mna upatu wenu wa simu, mmenionyesha, majina yamepangwa na tarehe zimepangwa, na yule aliyenuna akanambia, "Huu hauhitaji kijumbe, Bi Raya, hakuna wa kuzila." Nzuri. Lakini mie nlikuwa sichelewi, sikopi, nina mikebe, na pesa za watu nilizimwaga kwa sababu ya shingo ya Nuru. Kila mtu ana Nuru wake. Wengine Nuru wao ni simu mpya ya mwenzao. Wengine ni jukwaa la tamasha, mpigaji amekodi suti kwa pesa za masika. Mjue wa kwenu ni nani kabla hamjashika pesa za mtu. Nuru mwenyewe, mkitaka kujua, baba watoto alipofariki tulikaa eda nyumba moja, na leo nikiumwa mgongo ndiye anayenikanda. Ananikumbusha ile siku, tunacheka mpaka tunakohoa. Yeye alitumia elfu nne tu.

Haya. Kwahani nlifika saa nne. Salha alikuwa amekaa mlangoni, kanuni yake imefungwa kwenye shuka, masufuria yamepangwa, godoro limekunjwa. Watoto wake wamevalishwa kama wanaosafiri. Kumbe alishafunga vyombo. Nikampa leso ya manjano. Akaifungua, akahesabu, kumi na nane. Akahesabu tena.

Ningeweza kuondoka hapo. Pesa kamili, leso ile ile, siku ile ile. Lakini godoro lile lilinishinda.

"Salha," nikasema, "nataka kukwambia kitu kuhusu jana."

"Nlikuwepo," akasema.

"Wapi?"

"Harusini. Ndiyo shughuli yangu. Nlichukuliwa kupika, nlikuwa uani napakua biriani. Nikasikia vigelegele, nikaja mlangoni na upawa mkononi. Nikaiona leso."

Yeye alikuwa hanitazami, anazipanga zile noti.

"Nlihesabu na wewe," akasema. "Kila uliyoitoa. Ya saba nlitaka nipige kelele."

"Kwa nini hukupiga? Salha, ilikuwa kodi yako! Kwa nini hukunikamata mbele ya watu?"

"Mbele ya Nuru?" Akanitazama sasa, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hakulala. "Nikasema, dada Raya hajawahi kula cha mtu. Nimpe mpaka kesho. Nikarudi nyumbani nikafunga vyombo."

Nililia kuliko nlivyolia kwa Bi Kazija, na yeye akalia, na watoto walipotuona wakaanza nao. Nikamwambia atafute kijumbe mwengine, mie si wa kushika pesa za watu. Alitenga noti kumi na tano za mwenye nyumba, akazitia chini ya mto. Zikabaki tatu. Moja akaiweka kifuani pake. Mbili akazirudisha ndani ya leso ya manjano, akaifunga fundo, akanishika mkono akanitilia kiganjani.

"Mchango wangu wa mzunguko ujao, wa zamu ya Bi Kazija," akasema. "Utampelekea, ama nikazipeleke mwenyewe?"

Nikazichukua. Kwahani mpaka Mkunazini kuna njia ya mkato inayopita Michenzani, na nlipofika njia panda nikasikia dumbaki la harusi, lile langu la madini, linalia vizuri kweli. Nikaiacha njia ya mkato, nikazunguka.